Tupime Kwanza, Tuuze Nyuma: Juu ya Sufuria za Jikoni Yetu



Kawaida kapita akiandika katika karatasi hii, watu wanajua mbele ya kusoma: ni juu ya kengele, ao juu ya wale wanaoruka ukuta usiku. Leo si hayo. Leo ninaandika juu ya sufuria. Msicheke. Hakuna kitu katika masomo haya, hata ubao, hata kitabu, kinachotugusa sisi wa internati kila siku kama sufuria. Asubuhi uji unatoka mule, mangaribi maharagi na bugali vinatoka mule. Kama sufuria ni mbaya, tumbo linajua mbele ya kichwa.

Habari yenyewe ni hii. Kwa jikoni yetu kuko sufuria mbili nyeusi za chuma kizito, za miguu mitatu. Zamani zilikuwa tatu. Baba yangu alisoma hapa, alikula kutoka sufuria hizo, na yeye pia alizikuta. Mwaka 2003, vita ilipokuwa kali ndani ya Bunia na watu wakakimbia, mupishi mzee na walinzi wawili walizifukia ndani ya shimo nyuma ya jiko. Wanyang'anyi walibeba madawati, mabati na milango. Sufuria hawakuziona. Watu waliporudi walizifukua, wakasugua kutu, wakapika. Mupishi yule amekwisha kufa, lakini mama wa jikoni tulio nao leo alifundishwa kazi naye.

Mwaka jana komite ya wazazi ilitununulia sufuria nne mpya za alumini. Siku zilipofika tulipiga makofi. Ziling'aa sana, mtu aliweza kujitazama ndani yake na kuchana nywele. Leo, nyuma ya mihula mitatu tu, hali yao iko hivi: moja imetoboka chini. Ya pili imetoka tumbo chini kama mpira, ukiiweka juu ya meza inacheza. Ya tatu ilitoka mukono siku ya maharagi, na mama mmoja wa jikoni akaungua mguu. Alikaa majuma mawili bila kufanya kazi, na wengi kati yenu mlikwenda kumsalimia. Imebaki moja nzima.

Na sasa tumesikia shauri la kwamba zile mbili nyeusi ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vizee, wale wanaopita na pikipiki, na kwa feza ile zinunuliwe nne nyingine za alumini, sawa na zile za mwaka jana. Komite itakutana mwisho wa mwezi huu. Bwana Perefe wa masomo ametupatia ruhusa ya kuandika maoni yetu, nami ninamshukuru. Ninaandika kwa heshima, bila kumhukumu mzazi yeyote aliyetoa feza yake. Aliyetoa alitoa kwa upendo. Lakini upendo pia unaweza kununua sufuria inayotoboka.

MAKUNDI MAWILI

Kwa bweni tumegawanyika. Kundi la kwanza linasema: «Vya kale ni zahabu. Vitu vya leo vyote ni bure tu.» Kundi la pili linasema: «Ninyi ni watu wa zamani. Kuinua chuma kile ni kazi ya punda. Dunia inaendelea.» Usiku mmoja mabishano yalipita saa ya kuzima taa, nikalazimika kuwanyamazisha. Nilipolala nikafikiri: makundi yote mawili yanahukumu kwa macho. Moja linapenda weusi, lingine linapenda kung'aa. Hakuna hata moja lililoshika sufuria mukononi na kuipima.

Maoni yangu ni haya: sufuria haihukumiwi kwa umri. Inahukumiwa kwa mambo manne: imefanywa kwa kitu gani, unene wake, namna mukono wake umefungwa, na namna inavyotunzwa. Nyuma ya hayo ndipo tuhesabu bei.

TUSIDANGANYWE NA KILE KILICHOBAKI

Nianze na kundi la kwanza, kwa sababu hata mimi nilikuwa ndani yake. Tunasema vitu vya zamani vilikuwa na nguvu, na tunaonyesha sufuria mbili nyeusi. Ndiyo, hizi zina nguvu. Lakini sufuria zingine za zamani ziko wapi? Nilimwuliza mama wa jikoni. Alicheka akaniambia: «We mutoto, unazani tulikuwa na mbili tu? Zilikuwa mingi. Zingine zilikuwa za bati nyepesi, zilikwisha. Zingine za rangi nyeupe, rangi ilimenyuka, tukatupa.» Na ile nyeusi ya tatu? Mupishi mmoja aliimwagia maji ya baridi ilipokuwa na moto sana, ikapasuka kama nyungu ya udongo.

Mnaona? Zile mbaya za zamani zilikwisha kutupwa mbele sisi hatujazaliwa. Tunayoona leo ni ile iliyoshinda tu. Kusema kwamba sufuria zote za kale zilikuwa nzuri ni sawa na kuangalia wazee wawili wa miaka 90 na kusema kwamba zamani watu wote waliishi miaka 90. Hata Mhubiri, katika Biblia, anatukataza kuuliza kwa nini siku za kwanza zilikuwa nzuri kuliko hizi.

Tena, hiyo ya kale ilikuwa mpya siku moja. Nyanya wa nyanya zetu walipika ndani ya nyungu za udongo. Njia ya kumwaga chuma kilichoyeyuka ndani ya mchanga ili kufanya sufuria nyembamba kidogo na ya bei ndogo, Abraham Darby wa Uingereza aliipatia hati mwaka 1707. Alumini yenyewe ilikuwa ya gali sana mpaka mwaka 1886, wakati vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall kule Marekani na Paul Héroult kule Ufaransa, walipopata njia ileile ya kuitoa kwa nguvu za umeme. Wote wawili walikuwa na umri usiopita miaka 23. Basi mpya si zambi. Kama babu zetu wangalikataa kila kitu kipya, tungalikuwa bado tunapasua nyungu.

SASA ZILE ZINAZONG'AA

Lakini kundi la pili lisifurahi bado. Wahenga wa Kiswahili walisema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Tuone kidonda kiko wapi.

Alumini si mbaya yenyewe. Mwalimu wetu wa fizika alituonyesha hesabu: inapitisha moto mara tatu ao zaidi kuliko chuma, na uzito wake ni karibu theluthi moja tu ya uzito wa chuma. Kwa mama anayeinua sufuria kila siku, hilo ni neno kubwa. Basi kwa nini maharagi yanaungua ndani ya sufuria mpya na hayaungui ndani ya ile nyeusi?

Jibu ni unene. Moto wa kuni hauko sawa kila fasi. Hapa kuna ulimi mkali, pale kuna moshi tu. Sufuria nene inapokea moto ule, inautawanya polepole, na chakula kinaupata sawasawa. Sufuria nyembamba haina nafasi ya kutawanya: moto unapita moja kwa moja kwenda juu, na fasi ile ya ulimi maharagi yanashika, yanakuwa ukoko. Mama anaongeza maji, anakoroga kwa nguvu, anaongeza kuni. Sisi tunakula maharagi yenye harufu ya moshi, na kuni za juma zinakwisha siku ya tano. Ile nyeusi, ukiondoa kuni na kuacha kifuniko, inaendelea kuchemka yenyewe kwa muda. Mama anasema: «Hii inapika hata mimi nikienda kuomba.»

Kuko jambo lingine. Alumini ikipata moto inapanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Ikiwa nyembamba na moto hauko sawa, sehemu moja inapanuka kuliko nyingine, na chini kunatoka tumbo. Ndiyo ile inayocheza juu ya meza. Tena alumini inayeyuka kwa digri 660 tu. Chuma cha kusubu kinataka zaidi ya digri 1.100. Kwa hiyo ukisahau sufuria nyembamba bila maji juu ya makala yenye upepo, unaweza kuiharibu kabisa saa moja.

Na mukono? Nimeitazama ile iliyomwunguza mama yetu. Mukono ulishikwa na riveti mbili ndogo, nyembamba kuliko kalamu, juu ya bati la unene wa kifuniko cha kopo. Sufuria ile ikijaa maharagi ya watu 60 inapita kilo 30. Riveti mbili. Hapo sikuhitaji mwalimu wa fizika.

BASI TUNUNUE NENE TU?

Wengine wataniambia: «Kapita, jibu ni rahisi. Tununue zile nzito za alumini zinazofanywa na mafundi, wanaoyeyusha vipande vya zamani. Ni nene, hazitoboki, na tunasaidia ndugu zetu wenye kazi.» Nilizani hivyo pia. Nilikuwa hata nimeandika hivyo katika karatasi ya kwanza ya maoni haya, nikaipasua. Niwaambie kwa nini.

Kwa sababu alumini inayeyuka kwa moto mdogo, fundi anaweza kuiyeyusha nyuma ya nyumba kwa makala na kipulizo. Ndani anatia kila kitu chenye rangi ile: pistoni za motokari, vipande vya radiateri, makopo, dirisha zilizovunjika, sufuria zilizotoboka. Ni akili nyingi, siizarau. Lakini ndani ya mavyuma yale kunaweza kuwa na risasi. Sisemi risasi ya bunduki, ninasema ile madini nzito ambayo Wafaransa wanaita plomb, inayokaa ndani ya batri za motokari. Risasi hiyo inaingia ndani ya chakula kidogo kidogo, zaidi chakula chenye chumvi na uchungu kama tomati na ndimu, na zaidi kikipikwa kwa muda mrefu. Haina harufu, haina ladha. Inaumiza bongo, na inaumiza watoto kuliko wakubwa. Shirika la Afya la Dunia linasema hakuna kipimo chake kinachojulikana kuwa hakina hatari.

Mwalimu wa kemia alitueleza kazi ya mtaalamu Jeffrey Weidenhamer wa Marekani na wenzake. Mwaka 2014 walitoa habari za sufuria za namna hiyo zilizofanywa Kameruni, wakaonyesha kwamba risasi inatoka ndani yake. Mwaka 2017 walitoa habari za vyombo 42 vya alumini kutoka inchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwa ndani. Karibu kimoja kwa kila vitatu kilitoa risasi ya kutosha kuleta hatari. Za Bunia hazikuwa ndani ya hesabu ile, na sitaki mtu aseme kwamba kapita amemshitaki fundi wa soko letu. Ninasema tu: kwa macho hauwezi kujua. Fundi mwenyewe hawezi kujua. Yeye pia anapika nyumbani kwake ndani ya ile aliyoifanya.

Mnakumbuka habari ya Elisha kule Gilgali, wakati wa njaa, wana wa manabii walipolia kwamba mauti yako ndani ya sufuria. Wale walionja na wakajua. Ya risasi hauonji, na haujui. Unaona tu mtoto hafahamu hesabu, na unampiga fimbo.

KILE AMBACHO NYEUSI INATUPA, NA KILE INACHOTUNYIMA

Turudi kwa zile mbili nyeusi. Hapa ninataka watu wa komite wasome polepole.

Mwaka 1999 gazeti la waganga linaloitwa The Lancet lilitoa habari ya kazi iliyofanyika Etiopia. Watoto wadogo waligawanywa: jamaa zingine zilipewa sufuria za chuma, zingine za alumini, wakapika chakula chao cha kila siku muda wa mwaka. Wale waliokula kutoka chuma walikuwa na damu nzuri kuliko wale wa alumini. Sababu yake ni kwamba chuma kidogo kinatoka ndani ya sufuria na kuingia ndani ya chakula, na mwili unakihitaji kwa kutengeneza damu. Ndugu, ni wangapi kati yetu wamekwenda kituo cha afya wakaambiwa wana upungufu wa damu? Malaria inakula damu, minyoo inakula damu, na nyama tunaiona siku ya sikukuu. Sisemi kwamba sufuria ni dawa. Mgonjwa aende kwa muganga. Lakini tuko na vyombo viwili vinavyotusaidia bure, na tunataka kuviuza kwa kilo.

Sasa nisifiche mabaya yake. Ni nzito kweli. Ikiwa imejaa inataka watu wawili wenye nguvu na mti wa kupitisha katika mikono yake, na jikoni yetu inafanya kazi na mama watatu, mmoja mzee. Ikiachwa na maji usiku, asubuhi ina kutu. Ukipika chai ndani yake chai inakuwa nyeusi na ina ladha ya musumari. Ukiimwagia maji ya baridi ikiwa na moto, inapasuka. Kwa uji wa haraka wa asubuhi inachelewa kupata moto. Kwa hiyo anayesema nyeusi zifanye kazi yote, yeye hajawahi kuiinua.

KOSA LANGU MWENYEWE

Hapa ninafika kwa neno gumu. Nilipoanza kulinganisha, nilisema sufuria mpya zimekufa kwa muda mfupi, nyeusi zimeishi. Basi mpya ni mbaya. Halafu nikajiuliza: zimetunzwa namna moja?

Hapana. Zile nyeusi mama haruhusu mtu azishike. Anaziosha na maji ya moto na kitambaa, anaziweka juu ya majivu yenye moto mpaka zikauke, anazipakaa mafuta ya mawese kidogo sana. Na zile za alumini, nani anaziosha? Wenye azabu. Na nani anatoa azabu? Mimi. Kila aliyechelewa kwa ibada ya asubuhi nilimtuma jikoni: «Sugua na mchanga mpaka niuone uso wangu.» Nilikuwa ninapita kutazama kama ziling'aa. Nilijivunia.

Kumbe mchanga ulikuwa unakula sufuria. Kila azabu iliondoa unene kidogo. Tena mwalimu wa kemia alituambia kwamba alumini inajivika yenyewe ngozi nyembamba yenye rangi ya majivu, na ngozi hiyo ndiyo inayokilinda chakula na chuma kile. Sisi tuliiona kama uchafu, tukaiondoa kila siku. Ile iliyotoboka chini, sehemu ya kitobo chake ni kazi ya mafundi waliobania bati, na sehemu nyingine ni kazi ya kapita wenu. Ninaomba radhi kwa komite, na kwa wale niliowatuma.

Kwa hiyo hatukuzilinganisha kwa haki. Tulichukua chuma kizito kilichotunzwa kama mtoto, na bati nyembamba lililopigwa kama mwizi, tukauliza lipi limeishi.

HESABU

Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke bei atakayokuta sokoni. Tuseme sufuria nyembamba ni dola 20, na inakaa mwaka mmoja. Tuseme sufuria nzuri, nene, ya kiwanda, yenye mukono wenye riveti nne, ni dola 70, na inakaa miaka saba. Katika miaka saba ile nyembamba itakula dola 140. Ile ya «gali» imekula 70. Na bado hatujahesabu kuni zilizozidi, maharagi yaliyoungua, na mguu wa mama yetu. Mguu unahesabiwa dola ngapi?

Ninajua mzazi atajibu: «Kapita, dola 70 kwa mara moja siko nazo. Ishirini ninazo.» Ni neno la kweli, na si la kucheka. Maskini mara nyingi analipa zaidi kwa sababu hawezi kulipa mara moja. Ndiyo sababu ninasema tusinunue nne. Tununue moja. Muhula unaofuata tununue nyingine. Sufuria moja nzima ni bora kuliko nne za kulia. Na mbili nyeusi zitubebe wakati huo, kama zilivyowabeba waliotutangulia.

NINACHOOMBA

Kwa komite ya wazazi, kwa heshima yote, ninaomba mambo haya:

1. Sufuria mbili nyeusi zisiuzwe. Feza ya vyuma vizee ni kidogo na inakwisha siku moja. Chombo kama hicho hatutakipata tena kwa bei tunayoweza.

2. Nyeusi zipike maharagi na sombe, vitu vya moto wa muda mrefu. Bugali, uji na chai vipikwe ndani ya nyepesi. Kila kimoja na kazi yake. Hivi mama hawatainua chuma kile mara tano kwa siku.

3. Zinunuliwe sufuria chache, za alumini nene ya kiwanda, ao za inoksi kama feza inatosha, na mama wa jikoni aende sokoni pamoja na mnunuzi. Mwaka jana walikwenda wanaume watatu ambao hakuna hata mmoja anayepika.

4. Zile nzito zisizo na alama ya kiwanda, zenye ngozi ya mchanga mchanga, zisitumiwe kwa chakula cha watoto maadamu hatuna njia ya kuzipima.

Na kwa sokoni, mtu asitazame kung'aa. Aibonyeze chini kwa kidole gumba: ikiingia kama kopo la maziwa, airudishe. Aiweke juu ya fasi sawa aone kama inacheza. Ahesabu riveti, avute mukono kwa nguvu zake zote mbele ya muuzaji. Muuzaji akikasirika, jibu limepatikana. Achukue sumaku ya redio iliyokufa: ikishika, ni chuma, isiposhika, ni alumini, ao namna fulani za inoksi, na hapo uzito utamwambia. Kizuri chajiuza, kinachosifiwa sana na mwenye duka kitazamwe mara mbili.

Kwa ninyi wanafunzi wenzangu: tangu juma hili, azabu ya kusugua sufuria na mchanga imekwisha. Nimeongea na Bwana Perefe naye amekubali. Wenye kuchelewa watachota maji na kupasua kuni. Sufuria za alumini zioshwe na sabuni na kitambaa. Zikiwa na rangi ya majivu ndani, ziacheni hivyo. Ni ngozi yao. Chakula kisilale ndani yake mpaka asubuhi. Na mtu asimwage maji ya baridi ndani ya nyeusi ikiwa na moto. Tulikuwa na tatu.

Mimi nitaondoka hapa nyuma ya egzamen ya Serikali. Maharagi ya mwaka unaokuja sitayala mimi. Lakini ndugu yangu mdogo anaanza Septemba, na baba alinituma nimwonyeshe sufuria alizokulia yeye. Nisingependa nimwonyeshe mashimo matatu ya miguu yao katika udongo wa jikoni.

Haya ndiyo maoni yangu. Aliye na mengine aandike, karatasi hii ni yetu sote. Hata wale wa kundi la kung'aa.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho